Walikuwa Wakimtii Nani? Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Malikale na Vitabu vya Historia

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Bagamoyo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ulipo mnara wa kanisa la zamani la Mapadri wa Roho Mtakatifu. Watu huuita Mnara wa Livingstone kwa sababu mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa hapo usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nimefundisha Historia sekondari kwa miaka 26. Sasa nimestaafu, na mstaafu ana wakati wa kuandika barua ndefu. Mnivumilie.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la mtoto. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye nyumba moja ya kumbukumbu. Sitaitaja, maana kosa lake si lake peke yake. Kijana mwongoza watalii alitusomea maneno ya ubaoni kwa sauti ya kuchoka, kwamba watumishi wawili waaminifu, Susi na Chuma, waliubeba mwili wa bwana wao kutoka bara hadi pwani. Akaanza kuhamia ubao wa pili. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi, mdomo hauna breki, akanyoosha mkono. "Samahani, kaka. Bwana si alikuwa ameshakufa? Sasa walikuwa wakimtii nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yule kijana akacheka. Mimi mwalimu nikacheka pia, kisha nikamwambia mtoto asicheleweshe wenzake. Tukirudi nilikaa kiti cha mbele cha basi nikitazama barabara, na jibu sina.

Barua hii ni jibu langu lililochelewa. Nalipitisha kwenu kwa sababu ninyi, Bara na Visiwani, ndio mnaoamua ubao uandikwe nini na kitabu cha mtoto kiseme nini.

Niirudie habari yenyewe kwanza, kwani wengi wetu tumeipokea kwa sentensi moja kama ile ya ubaoni. Mwanzoni mwa Mei 1873, usiku ukielekea alfajiri, katika kijiji cha Chifu Chitambo, eneo la Ilala katika nchi ambayo leo ni Zambia, kijana aitwaye Majwara alikwenda kumwamsha Susi. Alikuwa na hofu juu ya hali ya mzee. Susi akawaita wenzake, wakaingia kibandani na kumkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa amekilaza juu ya viganja, mwili umeshapoa.

Fikirieni hali yao. Pwani iko mbali, zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia waliyokuja kuipita. Aliyewaajiri amekufa. Hakuna balozi, hakuna askari, hakuna mzungu mwingine wa kutoa amri. Na katika njia yote hiyo, kupitisha maiti kwenye nchi ya watu ni jambo la kutisha. Kijiji kikipatwa na ugonjwa baada yenu, ninyi ndio mliouleta. Lililo rahisi lilikuwa kumzika hapo hapo, kuchukua daftari na kofia yake kama ushahidi, na kila mtu kushika njia ya kwao.

Wakakaa kikao. Masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyenasuliwa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, akaandika kila kilichokuwemo, ili mbele ya safari asitokee mtu wa kusema fulani kaiba. (Kamati zetu nyingi za mazishi, na nyingine zisizo za mazishi, zingefaa kwenda kusomea pale.) Kisha wakawachagua Susi na Chuma wawe wakubwa wao, kwa hoja kwamba hao ndio wazoefu wa safari na taabu, na wengine wote wakaahidi kufuata watakaloagizwa nao. Naomba hili lisiwapite. Utii ulikuwepo pale Ilala, lakini ulikuwa wa wao kwa wao, umeahidiwa kikaoni, kwa watu waliochaguliwa.

Kazi iliyofuata ni ya kusimuliwa taratibu, maana ndiyo inayoonyesha kwamba hawakukurupuka. Walijenga boma la miti, na ndani yake kibanda kisicho na paa ili jua lipenye. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na kuona jinsi maiti inavyopasuliwa, aliufungua mwili akisaidiwa na Carus Farrar, mwenzake Jacob wa shule ya Nasik. Moyo na matumbo vikatolewa, vikatiwa kwenye debe la bati na kuzikwa chini ya mti, Jacob akisoma sala za maziko. Mwili ukajazwa chumvi. Ukaanikwa juani siku kumi na nne, ukigeuzwa kila siku. Kisha miguu ikakunjwa magotini ili mzigo uwe mfupi, ukavingirishwa nguo, ukatiwa ndani ya gamba la mti lililobanduliwa zima, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mpiko wa kubebwa na watu wawili. Chitambo mwenyewe, ambaye mwanzoni waliogopa kumwambia, alikuja na watu wake kuomboleza kwa ngoma na upinde mkononi. Sijaona ubao wowote unaomshukuru.

Mnajua jinsi tunavyopenda kuwaeleza wageni kwamba jina la mji wetu ni "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni wapagazi waliobwaga moyo kwa furaha ya kufika, wapo wanaosema ni watumwa waliokata tamaa, na ugomvi huo siuingilii. Ila katika misafara yote iliyowahi kuteremka hapa, huu mmoja ulikuja na mzigo ambao moyo wake ulikuwa umeshabwagwa mbali, chini ya mti wa Ilala. Niliwahi kulisema hilo darasani na wanafunzi wakaniomba nilirudie.

Safari yenyewe nitaipitia haraka. Haukupita muda mrefu tangu waondoke, ugonjwa ukawakamata wengi hata msafara ukasimama. Walivuka Luapula. Simba alimla punda wao. Katika kijiji kimoja ugomvi uligeuka mapigano. Wakazunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakapita Ufipa, na Oktoba wakaingia Unyanyembe, Tabora ya leo. Huku wao wakiwa porini, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Hawakuwa na habari. Chuma alikuwa ametolewa mikononi mwa wachuuzi wa watumwa mwaka 1861, akiwa mtoto, upande wa mto Shire, na Livingstone na wamisionari aliokuwa nao. Jacob naye alikuwa na historia kama hiyo. Watu waliowahi kuuzwa walikuwa wakimleta pwani maiti aliyelipigia kelele soko lile, na soko likawatangulia kufa.

Pale Tabora walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kuja kumsaidia Livingstone. Mzungu hai, mwenye cheo, mwenye bendera. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, akitaja hatari za njia iliyobaki na kwamba pengine marehemu mwenyewe angependa kulala Afrika, ambako mkewe Mary alizikwa Chupanga mwaka 1862. Walimsikiliza, wakakataa. Akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vilivyokuwa kwenye masanduku, hawakuwa na la kufanya, lakini mwili hawakumwachia.

Hapo ndipo, Waheshimiwa, nilipolipata jibu la yule mtoto, miaka mingi baada ya basi. Kama wale watu wangekuwa watumishi watiifu kwa maana ya ubao ule, Tabora ndiko utii wao ungeonekana. Bwana mpya yuko mbele yao, anasema zikeni, na kuzika ndilo jambo jepesi. Wangeitikia, wakapewa posho, wakaenda kulala. Walisema hapana kwa sababu walikuwa wameshakubaliana jambo lao Ilala, na huyu hakuwepo kikaoni.

Wapo watakaosema waliogopa kushtakiwa kwamba wamemuua. Hofu ilikuwepo, ndiyo maana ya ile orodha ya Jacob. Wapo watakaosema walitaka mishahara yao. Bila shaka walitaka, mtu aliyetembea nchi nzima anadai haki yake. Lakini Tabora hofu ilikuwa na dawa tayari. Cameron ameuona mwili, Cameron ni shahidi, angeandika barua moja na kesi ingeishia hapo. Bado walijitwika tena.

Na hawakuwa wamefika mbali kutoka Unyanyembe, mahali palipoitwa Kasekera, watu wakagoma maiti isipite. Hapa nawaambia wanafunzi wakae sawa. Usiku waliufungua ule mzigo, wakalitupa lile gamba la mti, wakaufunga mwili upya uonekane mtumba wa nguo. Mtumba kwa maana ya zamani, yaani robota la bidhaa la kubebwa na mpagazi, kabla neno halijahamia soko la Karume (ambalo nalo, kwa kichekesho cha majina, liko Ilala, Ilala nyingine). Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayavika sanda, wakatengeneza maiti ya bandia. Wenzao wachache wakaondoka nayo kwa huzuni kuelekea Unyanyembe, ati wanakwenda kuzika. Walipofika porini wakayatawanya mabua moja moja, nguo wakazificha, na mmoja mmoja wakarudi kambini kwa njia tofauti. Asubuhi wenyeji wakaridhika kwamba maiti imerudishwa ilikotoka. Msafara ukapita na mizigo yake ya nguo.

Aliyeambiwa "beba" hafikirii mabua ya mtama. Huo ni ujanja wa mtu mwenye jambo lake.

Wakafika hapa kwetu Februari 1874. Kaimu balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja akaleta meli. Mwili ukachukuliwa. Wao wakalipwa mishahara yao na kuambiwa, kwa lugha ya leo, kazi imeisha. Baada ya miezi tisa ya kubeba, hakuna aliyewauliza mnataka kumsindikiza. Jacob peke yake ndiye aliyekwenda na jeneza, kwa gharama za wamisionari, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza ndani ya Westminster Abbey. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, maziko yameshapita, kwa fedha za rafiki wa marehemu. Ndipo walipokaa na Horace Waller, mhariri wa shajara za Livingstone, kumsaidia kuziandaa. Shajara ya Livingstone inakoma tarehe 27 Aprili 1873. Kila tunachokijua baada ya hapo, kibanda, magoti, chumvi, mabua ya mtama, tumekipata kwa vinywa vya Susi na Chuma na kwa kalamu za vijana wa Nasik. Tunawaita watumishi katika hadithi ambayo wao ndio waliotuhadithia.

Kwenye jiwe la kaburi kule London imeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu, juu ya nchi na bahari. Mikono. Jiwe ni kubwa, lina nafasi ya aya za Biblia, ila mikono imebaki mikono. Chama cha Kijiografia cha Kifalme kikafua nishani 60 za fedha zenye maneno ya "mwaminifu hadi mwisho", lakini wakati huo wengi wa wenyewe walikuwa wameshatawanyika, wamerudi Unyamwezi, wameshika misafara mingine. Nishani nyingi hazikuwafikia.

Nawasikia wengine wenu mkiguna: mwalimu, mambo ya kumtukuza mzungu tulishayaacha. Simtukuzi. Livingstone ana mnara, ana mji Zambia, ana barabara kadhaa, anajitosheleza. Na alikuwa na mapungufu yake. Alilaani biashara ya watumwa huku, njia zilipomshinda, akila na kusafiri pamoja na wafanyabiashara wale wale. Njia alizozichora zilikuja kupitiwa na watu wenye nia nyingine kabisa. Hayo yafundishwe, na mimi niliyafundisha. Ninachouliza ni kitu kingine: watu waliomjua karibu kuliko sisi, waliomwona akiwa na homa, akiwa na hasira, akiwa hana senti, walimpima vipi wakaona anastahili?

Maana walimpima. Hili vitabu vinalificha kabisa. Aprili 1868, kule kwa mtawala Kazembe, wengi wa watu wake waligoma kwenda naye Ziwa Bangweulu. Walikuwa wamechoka. Aliondoka na watano tu. Amoda, ambaye miaka mitano baadaye alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili, ni mmoja wa waliomkimbia safari ile. Mwisho wa mwaka ule Livingstone aliwapokea tena waliomtoroka. Katika daftari lake aliandika kwamba moyoni hakuwalaumu sana, kwani walikuwa wamechoka kutangatanga, na yeye mwenyewe amechoka, tena kwamba naye ana makosa yake.

Nimefanya kazi chini ya wakuu wa shule kumi na mmoja. Sikumbuki aliyewahi kuandika sentensi kama hiyo juu ya mwalimu aliyegoma.

Halafu kuna Januari 1873, kwenye vinamasi vya Bangweulu, mvua haikatiki, mzee hawezi kutembea. Walimbeba mabegani kwa zamu. Susi alipoingia mkondo mkubwa maji yalimfika mdomoni. Waliofuata walitumbukia kwenye mashimo ya nyayo za tembo yaliyofunikwa na maji, ikabidi wawili wamwinue mbebaji pamoja na aliyebebwa. Kwa hiyo kazi ya kumbeba haikuanza siku alipokufa. Walikuwa wamembeba miezi kadhaa akiwa hai, na kama walitaka kumtua, vinamasi vilikuwa vingi.

Siku hizi mtaani tuna neno chawa, kwa mtu anayeishi kwa kumsifia mkubwa. Aliyelibuni alikuwa na macho, kwani chawa wa kweli huukimbia mwili ukipoa. Ninyi wenyewe mnawajua, mmeona simu zinavyonyamaza siku mtu anapotenguliwa. Wale wa Ilala kazi yao kubwa ilianza mwili ulipopoa. Kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo sasa watoto wetu wanalisoma kwa Kiswahili, nimekuta utii na uaminifu vikitembea pamoja kama pacha. Mtoto akisoma hivyo, akaja kukutana na habari ya Susi na Chuma chini ya neno "watumishi waaminifu", atafahamu kwamba uaminifu ni kuitikia. Wakati habari yenyewe ni ya watu waliomgomea mtu alipowachosha, wakamrudia alipowapokea bila kisasi, na wakamkatalia afisa wa Malkia baada ya mtu wao kufa.

Neno mtumishi lenyewe sina ugomvi nalo. Hata ninyi ni watumishi wa umma. Kosa lake hapa ni kwamba linasimulia siku zilizokuwa kabla ya Mei 1873, na kuzinyamazia siku zile zilizowapa majina. Kwa miezi tisa Susi na Chuma walikuwa viongozi wa msafara. Ndivyo nchi nzima ya misafara ilivyowajua baadaye. Mwaka 1879 mpelelezi Keith Johnston alipofia Behobeho, kijana Joseph Thomson akabaki na safari ambayo hakuwa na uzoefu nayo, na Chuma ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi wake hadi waliporudi. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda Kongo na mpelelezi Stanley, akabatizwa mwaka 1886 na kuchagua jina David, akafariki Unguja mwaka 1891. Jacob alifia Urambo mwaka 1892. Mwenzao Matthew Wellington aliishi Mombasa hadi mwaka 1935. Babu zetu wengine walikuwa watu wazima mwaka huo, wangeweza kwenda kumuuliza.

Sasa ombi. Kwanza neno: palipoandikwa "watumishi" paandikwe "viongozi wa msafara waliochaguliwa na wenzao". Ni maneno machache tu zaidi. Pili, majina, na si mawili tu. Susi na Chuma wasibebeshwe peke yao kama walivyobebeshwa mwili. Jacob Wainwright aliyeandika, Farijala na Carus Farrar walioshika kisu, Amoda, Majwara aliyekesha, Chitambo aliyetoa ardhi na machozi.

Na wanawake. Sijaona ubao hata mmoja wenye mwanamke katika habari hii, ilhali Halima, mpishi, mke wa Amoda, na Ntaoeka, mke wa Chuma, walikuwemo. Livingstone alimsifu sana Halima, na aliandika kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Aliyeahidi alifia Ilala. Watu wa Mambo ya Kale kule Unguja, kwenu liko jumba linaloitwa kwa jina la Livingstone, ningefurahi sana siku moja nikifika nikute hata kitanda cha maua pale nje chenye kibao cha Halima. Sio nyumba, najua. Bustani tu.

La tatu ni kubwa kidogo. Shajara ya Jacob Wainwright ipo, na tangu mwaka 2019 imewekwa wazi kwenye intaneti, kila ukurasa. Ni maandishi ya mkono ya mtu aliyekuwepo Ilala. Aliiandika kwa Kiingereza. Mwafrika wa karne ya 19, katika msafara ambao watu waliitana, waligombana na waliomboleza kwa Kiswahili na lugha nyingine za kwetu, na mtoto wa Tabora au Sumbawanga leo hana namna ya kumsoma kwa lugha yake. Taasisi inayoandaa vitabu ina watafsiri. Kwenye ukurasa mmoja tu wa kitabu cha kidato cha pili, ile asubuhi ya orodha ya masanduku ingetosha. Mwalimu atajua la kufanya nayo.

Nilikutana na yule mwanafunzi mwaka jana, feri, akishusha samaki. Ni baba wa watoto wawili. Nilimwambia nimepata jibu la swali lake, akaniuliza swali gani, mwalimu? Hakulikumbuka. Nikamweleza habari ya mabua ya mtama pale pale, ndoo za dagaa zikipita katikati yetu, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akauliza kama hayo yameandikwa mahali popote ambapo anaweza kumpeleka mtoto wake akayaona.

Kuhusu gharama, msije mkaniambia fungu halijatoka. Mbao ya mninga ya futi nne, kuchonga majina kumi na kupiga vanishi: nimeshamuuliza seremala wa mtaa wa pili, na bei yake naimudu kwa pensheni. Ninachosubiri kutoka kwenu ni kibali na mahali pa kuitundika.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Bagamoyo